Vuta Kwanza

Usiku kucha Daktari Khishigsuren alilala na dawa ya ganzi,
vichupa ishirini na vinne ndani ya soksi ya sufu,
soksi kifuani, kifua ndani ya koti la ngozi ya kondoo.
Nje ya hema baridi ya Mongolia iligandisha hata maziwa;
asubuhi yalikatwa kwa shoka.
Dawa baridi huuma ikiingia, aliniambia,
na aliyeumizwa mwanzo hakuamini mwisho.

Mimi msaidizi wake, miezi mitatu kazini:
nashika taa, nahesabu pamba, nasoma tarehe za kuharibika
kwa sauti, kichupa baada ya kichupa, kama mwalimu anayeita majina.
Kimoja kilikuwa na ukungu ndani.
Tukakitupa kwenye kopo la chuma, bila matanga.

Wa kwanza mzee Luvsandorj, shavu limeumuka kama andazi,
gego limemnyima usingizi tangu mbuzi waanze kuzaa.
"Una kilo ngapi?"
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Kondoo wangu nawajua kwa kuwainua tu.
Mimi hajatokea wa kuniinua."
Basi akaning'inia kwenye mizani ya sufu, ile ya ndoano,
mikono miwili juu, buti zikiiaga ardhi:
hamsini na nane.
Daktari akaandika, akagawanya, akapiga mstari.
Dawa haijui ushujaa. Inajua uzito.

"Moyo?"
"Kama wa farasi."
"Vidonge?"
"Sinywi."
Mkwewe alikuwa akichochea jiko, wala hakugeuka:
"Na vile vyeupe, baba, nyuma ya picha ya babu?"
Kuni zikapasuka.
Daktari hakumgombeza. Aliviomba, akavisoma karibu na taa,
akairudia hesabu yake tangu juu,
akachagua dawa nyingine, isiyouchapa moyo mijeledi.

Sindano ikazama nyuma ya taya.
Nikabana pumzi kana kwamba kinywa ni changu.
Hakusukuma.
Alivuta. Kidogo tu, kidole gumba kikirudi nyuma,
na ndani ya kichupa cheupe ukachipuka uzi mwekundu,
mwembamba, mzuri, wa kutisha.

Mshipa.
Akachomoa. Kichupa kizima,
kilichotugharimu siku mbili za theluji,
kikamfuata mwenzake koponi.
"Umepoteza dawa," mzee akasema, mate yakimtiririka.
"Heri ipotelee koponi kuliko moyoni mwako."

Nilidhani mkono wake utatetemeka.
Ulianza upya, kama wa fundi cherehani
anayefumua ushono uliokwenda mrama.
Sindano mpya. Kichupa kipya. Akavuta: peupe.
Ndipo akasukuma, polepole mno, nikadhani amesinzia,
macho yake yote usoni pa mzee.

"Unasikiaje?"
"Mdomo wangu umehama."
Gego likatoka na mizizi yake miwili iliyopinda.
Akaliomba. Akalitia mfukoni, pamoja na tumbaku.

Kisha Anujin, miaka saba, nusu kichupa tu.
Kaka yake akajitokeza: "Basi nipeni mimi hiyo iliyobaki."
"Hata waliotoka tumbo moja," daktari akasema,
"hawachangii sindano."
Na kopo likalia tena, kling.

Chai ikaja, ya maziwa na chumvi, bakuli kwa mikono miwili,
nayo haikataliwi katika nyumba ile.
Lakini mdomo usio na habari hujiunguza, hujitafuna.
Mzee akalishika bakuli lake, akapasha vidole tu.
Anujin alikuwa akilivuta shavu lake kama la mtu mwingine;
mama yake akamkalia karibu, akimchunga asiling'ate.
Tulikwisha kufunga masanduku tuliposikia fundo la kwanza:
mzee anakunywa chai iliyopoa,
na kulaani chumvi kuzidi.

Usiku huo soksi alinipa mimi.
Vichupa kumi na saba.
Nililala chali. Sikujigeuza.