Kushoto kwa Nani

Ghislaine hukodisha mitumbwi chini ya daraja,
euro kumi na mbili, kofia ya jua bure.
"Mkifika kwenye kinu kibovu, shikeni kushoto,"
alisema, akatusukuma kwa mguu.

Tukapita ng'ombe weupe waliozama hadi magoti,
kanisa lenye saa iliyogoma saa nne,
mwanamke akichuma forosadi
ambaye hakuinua uso.

Kinu kikaja.
Kushoto kwetu, au kwa mto?

Maji yalikuwa baridi
kama salamu ya mdai.

Huko chini, kwenye changarawe, Firmin kakaye
alikuwa ameshaanika taulo tano,
birika linachemka.
"Kahawa euro mbili," akasema.
"Wa asubuhi nao
walishika kushoto."