Kausheni Miguu

Mkesha wa Krismasi, hapa Saaremaa,
hatuanzi na chakula. Tunaanza na makaburi.
Saa kumi alasiri giza limeshatanda
nami nimepiga magoti kwenye theluji,
nakwangua barafu juu ya majina kwa kucha.
Hapa Priidu, baba yake mama.
Hatua kumi na mbili, nimezihesabu tangu utotoni,
hapa Aadu, baba yake baba.
Kiberiti kimoja, mishumaa miwili.
Upepo unauzima wa Aadu kwanza.
Kila mwaka, wa Aadu kwanza.

Priidu alichukuliwa na jeshi la mashariki
akiwa anakata majani ya ng'ombe; fyekeo
lilibaki limeegemea ukuta hadi likashika kutu.
Aadu, miaka mitatu baadaye, na jeshi la magharibi,
ndoa yake ikiwa na umri wa siku tisa.
Hakuna aliyeulizwa.
Orodha ilisomwa, mtu akaitika jina lake.

Mmoja akarudi na nishani.
Mwingine akarudi baada ya miaka minane ya kambi,
meno yakiwa ya kuhesabika.
Kisha watoto wao wakapendana.
Kisiwa ni kidogo; ungetaka wafanyeje?

Kwa hiyo kila Jumamosi, sauna,
wazee wawili uchi kwenye ubao mmoja,
wakipigana migongo kwa matawi mabichi
ya mti ule wenye gome jeupe.
Baridi ilikuwa imemla Priidu vidole viwili vya mguu wa kushoto,
Aadu vitatu vya kulia.
"Tumechanga," walisema, "tumelipa mguu mmoja mzima,"
wakacheka mpaka bibi Miina akagonga dirisha.

Usiku mmoja, pombe ya mreteni ikiwa imewafungua vinywa,
Aadu aliokota mkaa akachora mto kwenye ubao.
Hapa daraja. Hapa kinu kilichoungua.
Sisi tulikuwa hapa.
Priidu akauchukua mkaa mkononi mwake,
akauzungusha, akauzungusha,
akatia nukta ng'ambo ya pili.
Nilikuwa mlangoni na taulo zao.
Niliyasikia mawe ya jikoni yakichemka.
Kisha Priidu akachota maji
akaumwagia mto ule, na mvuke ukawafunika wote wawili.

Sikuwahi kuuliza tarehe.

Nikiwa na miaka minane, mwalimu alitaka mashujaa.
Priidu akaitwa, akasimama mbele ya darasa
nishani zikiwa nyumbani, ndani ya kopo la vifungo.
Tulingoja mizinga. Tulingoja bendera.
Akakohoa. "Watoto," akasema, "kausheni miguu.
Soksi moja miguuni, nyingine kifuani ipate joto."
Akaketi. Mwalimu akapiga makofi peke yake.

Nikiwa na kumi na sita, mlingoti ulikuwa uleule,
bendera nyingine. Sasa aliitwa Aadu,
yeye ambaye jina lake halikuwahi kutajwa shuleni.
Akavua kofia, akatutazama sana,
na mimi nikijua, naapa, nikijua kabla hajafungua kinywa:
"Kausheni miguu."
Hawakuwa wamepatana. Nilimuuliza njiani.
"Priidu naye alisema hivyo?" Akatembea kidogo.
"Basi alikuwa askari kweli."

Leo nawasha upya wa Aadu,
naukinga kwa kiganja mpaka ushike.
Hotuba sina. Watu wa mjini wana hotuba,
nao huja mwezi wao, na mashada yao,
huyu kwa babu huyu, yule kwa babu yule.

Mwanangu Ranno anaingia jeshini Januari,
ni zamu ya kijana yeyote wa hapa.
Jioni nimemfungia jozi sita za sufi.
Ameuliza kwa nini sita, kambi ina mashine ya kufulia.
Nimemwambia atavaa moja miguuni,
na moja,
nikashindwa kumalizia,
nikamwekea mkono kifuani.