Ukurasa wa Kumi na Tisa

Maji ya bamvua yakitoka, Mikindani hunuka yai viza,
nami huvua viatu.
Kamba yangu ina mafundo manne, mita kumi kila upande.
La kwanza nalifunga kwenye mkoko, la pili kwenye mchu,
mawili yaliyosalia nayachomekea fito.
Kilicho ndani ya kamba ni changu kukihesabu.
Kilicho nje, hata kinipungie mkono, sikijui.

Miche ya msinzi: arobaini na miwili.
Mashimo ya kaa: mia na kumi na saba.
Tondo: nilikomea mia tatu, tope limenifika pajani.
Visiki vibichi: tisa.
Yangeyange mmoja, akinitazama kama karani mwenzangu.

Miaka sita sasa.
Bi Nimkadi muuza mihogo hachoki kuniuliza,
Mbodze, umelihesabu tope, limetimia?
Kisha hucheka: kaa wa daftari
hatiwi nazi.

Leo niko ukumbini, kwenye kiti chenye mto.
Kiyoyozi kinavuma, kucha zangu zina weusi usiotoka kwa sabuni.
Ukutani wamewasha mstari mwekundu
nao ni mimi, ni kila mwezi nilioinama,
umenyooshwa, umepewa tarehe.
Bwana Nyale wa mazingira anaufuata kwa kijiti:
unashuka, unashuka, unashuka,
halafu hapa, mabibi na mabwana, Mei ya mwaka wa nne,
unaruka juu.
Msitu umeanza kujiponya wenyewe, asema.
Kwa hiyo rasimu, kifungu cha saba:
ghuba ya kusini, ukataji uruhusiwe kwa kibali.

Mei ya mwaka wa nne.

Masika yalikuwa yamefunga barabara ya hospitali
na Jumwa wangu alikuwa kitandani, macho yamegeuka juu.
Thelathini na tisa nukta tano: hiyo niliipima,
niliipima usiku kucha, kila nusu saa,
hakuna takwimu maishani mwangu niliyoichukua kwa uaminifu kama ile.
Asubuhi nikakumbuka daftari.
Kalamu ya kuazima kwa muuguzi.
Miche: hamsini na minne, nikaandika,
kwa sababu hamsini na minne ilionekana inawezekana.
Kisha nikaufuta ukurasa kwa soli ya kiatu
upate tope, ufanane na wenzake.

Sikujua kwamba namba hutembea.
Nilidhani inalala pale nilipoilaza.
Kumbe ilipanda ngazi, ikavaa koti,
ikakaa meza moja na wenye mihuri,
na sasa imeshika shoka.

Nikainua mkono.
Maswali mwishoni, mama.
Si swali, nikasema,
na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtu aliye simuni.
Ukurasa wa kumi na tisa sikwenda. Niliutunga. Ufuteni.

Kiyoyozi kikaendelea peke yake.
Bwana Nyale akavua miwani, akaivaa.
Tukiufuta huo, watauliza na zilizobaki.
Waulize, nikasema. Waje bamvua ijayo, waje pekupeku.
Nikaweka madaftari yote sita mezani, yakamwaga mchanga
juu ya kitambaa cheupe cha kaunti.

Sasa mstari una pengo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.
Rasimu imerudishwa ofisini. Lini itatoka, hawakusema.
Posho yangu ya mwezi haijaingia, na hilo pia hawakusema.

Juzi nilikwenda na Jumwa. Amekuwa mrefu, anafaa fundo la nne.
Ghuba ya kusini, mraba wa kumi na mbili,
tope tupu, vijiti, mfuko wa maziwa.
Akazunguka, akachuchumaa, akazunguka tena.
Mama, hapa hakuna miche.
Andika.
Niandike nini, na hakuna?
Sifuri, nikamwambia. Na uandike saa.