Sauti ya Pili

Nimekuja na diski yangu ndani ya mfuko wa mkate.
Nje, Tampere imevaa theluji ya Machi,
ile chafu, isiyotaka kukaa wala kuondoka.
Eetu, kijana wa duka, jina limebandikwa kifuani,
ananitandazia hedifoni sita juu ya kaunta
na kuniuliza nasikiliza muziki wa aina gani.
Kwaya, namwambia. Kwaya moja.
Wimbo mmoja, kusema kweli.
Ananitazama kama niliyemuuliza bei ya upepo.

Simwambii habari za kiwanda:
miaka ishirini na sita katikati ya mitambo ya kufuma,
mia mbili ikigonga kwa pamoja,
sisi wanawake tukisemezana kwa midomo na vidole,
pamba masikioni, pamba ileile tuliyoifuma,
hata daktari akanichorea usikivu wangu kwenye karatasi:
mstari unakwenda sawa, unakwenda sawa,
kisha unatumbukia, kama ngazi iliyokatika.
Siku hizi birika likipiga mluzi
mimi naona mvuke tu.

Hedifoni ya kwanza inang'aa, ina na taa.
Besi inanipiga kisogo kwa ngumi za mlevi.
Debe tupu, nawaza, naivua.
Ya pili inabana mataya.
Ya tatu tamu mno, asali juu ya sukari:
waimbaji wote wameoshwa nyuso, hakuna mwenye kovu.
Ya nne siikumbuki.
Ya tano Eetu ameisifu mno,
nikaichoka kabla sijaivaa.

Ya sita haina urembo.
Migongo yake wazi, matundu matundu, kama chujio la chai,
mahameli yamechakaa kwa vichwa vya wateja.
"Hii inavuja," ananionya. "Aliye karibu nawe atasikia."
Sina aliye karibu.
"Na kelele za nje zitaingia."
Karibuni, kelele.

Kisha ukumbi ukafunguka.
Kanisa la mbao, Februari, jiko halijashika moto,
na kabla ya noti ya kwanza, jambo nisilopata kulisikia
kwenye redio ya jikoni wala kwenye gari la dada yangu:
watu arobaini wakivuta pumzi.
Kiti kikalia. Mtu akakohoa, akajizuia, akakohoa.
Halafu karatasi, upande wangu wa kushoto:
Ritva-Liisa! Kila mara akifungua ukurasa mapema,
nikimkanyaga mguu, naye haachi.

Mimi mwenyewe sikujipata.
Nilijitafuta ubeti wa kwanza, ubeti wa pili,
lakini sauti ya pili ndivyo ilivyo,
hujulikana siku inapokosekana.
Na zile noti za juu kabisa bado hazikuja.
Hakuna duka litakalonirudishia
nilichokiacha kule chini, mtoni, kwenye mitambo.
Sikio la kufa, watu husema.
Basi halijafa lote.

Euro mia tatu na kumi, hata kwa punguzo la maonyesho.
Zilikuwa za jino.
Nikalisogeza jino kwa ulimi, likatulia,
nikatoa kadi.
Eetu akafunga boksi polepole,
akaniuliza, bila kuniangalia, wimbo ule unaitwaje.
Nikamwambia. Akauandika kiganjani.

Sasa ni usiku, nimekaa jikoni, taa nimezima.
Waya umepita juu ya kitambaa cha meza,
kando ya kikombe na makombo.
Wanavuta pumzi, wote arobaini.
Sita kati yao najua walikozikwa.
Kiti kinalia.
Ni kile cha kanisani,
au ni Pentti wa ghorofa ya juu anayejivuta kwenda kulala?
Sijui.
Narudisha nyuma.