Togwa la Bahla

Ghubra, dukani, kopo la kinywaji cha kimea
lililopanda meli mbili kunifikia
lauzwa baisa mia saba.
Lina picha ya suke na sukari ya kuwatosha nyuki.
Nililinywa nimesimama kwenye maegesho,
injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi,
nikajua nimenunua picha.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa Wete,
akazikwa Amerat, na kati ya hapo
alilalamika juu ya vitu viwili tu:
maji ya bomba, na nchi isiyo na togwa.

Kazi yangu kusoma mita za umeme.
Najua nani ana majokofu matatu,
nani anakaa na taa moja akisema anapenda giza.
Ndivyo nilivyosikia, uani kwa fundi matairi wa Izki,
kwamba Bahla, nyuma ya tanuri za wafinyanzi,
yuko Bi Zuweina binti Khalfan,
lita nzima baisa mia mbili,
chupa uje nayo mwenyewe.

Nilikwenda Ijumaa, baada ya sala.
Kilomita mia mbili kwa lita tano.
Hesabu hiyo usinifanyie,
mke wangu ameshaifanya.

Mitende saba. Konde la shayiri
upana wa majamvi matano,
linalonyweshwa maji ya falaji kwa zamu, nusu saa,
na ukichelewa kufungua, maji ni ya jirani.
Shayiri hulowekwa, hufunikwa gunia,
huota vijino vyeupe,
huanikwa darini, husagwa.
Uji wa mtama ulikuwa sufuriani, mzito, mwiko umesimama wima.
"Tia kidole," akasema. "Ukivumilia mpaka kumi, uko tayari."
Nikahesabu mpaka kumi.
Akamimina unga wa kimea, akakoroga,
na uji ule, wallahi, ukalegea mbele ya macho yangu
kama mtu aliyekuwa amenuna
akagundua kumbe alikuwa anataniwa.

"Hili la kesho. Lako liko kibarazani."

Mtungi wa udongo wa huko huko, unatoka jasho.
Nikapewa kata.
Sitasema lilinirudisha utotoni;
utoto wangu ulikuwa wa soda za Matrah.
Kwanza niliipata shayiri, kisha moshi,
kisha uchachu mdogo uliobisha hodi
ukaondoka bila kungoja jibu.
Kumbe Mama alikuwa na haki.
Ilinikera kidogo.

Pembeni palikuwa na mtungi mwingine, umejaa.
Nikauliza, kwa sauti ya msoma mita,
kama ule una bei ya chini.
"Ule wa Jumatano. Umeshavuka."
Hakusema umevukia wapi.
Akauinua, mwanamke wa miaka sabini na kitu,
akaumwaga wote kwenye shina la mtende wa mwisho,
mnene kuliko wenzake.
"Alikuja mtu wa hoteli, akautaka kama huo kwa riali kumi.
Nikamwambia mtende umetangulia."

Lita tano, riali moja kamili.
Nikatoa mbili.
Akairudisha moja, ameikunja ndogo kama hirizi:
"Mie nauza. Sadaka kaitoe msikitini."
Kisha akachota shayiri, konzi moja, mbichi,
akaifunga kwenye gazeti la juzi.

Lita tano hazikufika Jumapili.

Sasa jikoni Ghubra, juu ya sinki,
kuna kitambaa kibichi ndani ya sahani ya chai.
Punje thelathini na nne.
Tisa zimeoza, mke wangu ananusa na kunyamaza,
na kunyamaza kwake nakujua.
Ishirini na tano bado zinafikiri.
Leo alfajiri moja imetoa jino.

Nimetega kengele ya simu, kila saa sita.
Ikilia niko kazini, mbele ya mita ya mtu,
nampigia yeye simu:
tafadhali, fungua maji,
zamu yetu imefika.