Jozi

Tangu Jumanne Katuba haina umeme:
wezi wameondoka na waya wa shaba,
nasi tunasoma kwa mwanga wa mlangoni.
Shule imefungwa, mishahara haijaja,
walimu tumekaa nyumbani kama vyungu vilivyofunikwa;
ila mtihani wa serikali haujui kugoma.

Basi nafagia sakafu, nachora duara tatu
kwa kipande cha makala. "Hii ni kaboni yenyewe," nawaambia,
"ina mikono minne, ndiyo maana inashika kila kitu,
hata sketi yangu.
Elektroni ni punje za mahindi.
Mbili ndani. Nane katikati. Moja nje kabisa.
Hiyo ya nje ndiyo valensi,
ndiyo inayosimama langoni na kusemezana na wapita njia.
Za ndani hazina habari ya barabara."

Hapo jogoo wa Mama Umba akaingia
bila hodi, bila daftari,
akadonoa punje ya sodiamu, ile ile ya nje, akaimeza.
Kicheko! Nikasema: msimfukuze, hesabuni.
Kumi na moja kwenye kiini, kumi zimebaki pembeni.
Sodiamu sasa ina chaji chanya,
na jogoo, kwa leo, ni klorini.
Mwadi akauliza: "Kwa hiyo hawaachani tena?"
Kweli jogoo hakuondoka,
alizunguka duara akitaka nyingine,
na hapo mfano ukanifia mkononi.
Klorini hutosheka na moja. Jogoo, thubutu.
Nikapitisha kisahani cha chumvi, kila mtu akalamba.
"Mmoja katoa, mmoja kapokea. Kutolingana huko
ndiko kunakowashikamanisha."

Muungano wa pili sikuufuata mbali.
Kyungu na Kabange, mapacha, wana viatu jozi moja.
Waliuza maji ya vifuko kiangazi kizima,
mmoja akalipia cha kushoto, mwenzake cha kulia.
Kyungu huvivaa asubuhi, Kabange mchana,
na ukimuuliza yeyote kati yao ana viatu vingapi
atakujibu: viwili.
"Viwili na viwili, na dukani vilitoka viwili tu.
Andikeni: kovalenti."

Wa tatu niliuonyesha kwa kidole, kule nje,
nguzo iliyovuliwa waya wake.
"Shaba ni kama lupango letu. Watoto wanakula
penye moto wowote uliowaka,
hakuna anayeuliza huyu ni wa mama gani.
Ndiyo maana umeme hupita humo mbio."
"Na wezi pia," akasema Kyungu.
Na wezi pia.

Kabange hakucheka. Alikuwa akisugua kisigino cha kulia
kwa mate na kitambaa.
"Mwalimu, ule wa pili ukivunjika,
viatu vinabaki na nani?"

Jibu nalijua, limo katika masomo.
"Pengine kila mmoja huondoka na chake.
Pengine mmoja hubaki na vyote viwili.
Na msidanganyike: kuungana ndiko kunakotoa joto.
Kuvunja kunadai moto kutoka nje."
Nilisema hayo nimeinama, nikiokota mahindi
ya kuchemsha jioni.

Jumatatu lori la mjomba wao likaja gizani,
likampeleka Kabange Kolwezi, kwenye mashimo.
Alikwenda na kandambili.

Saa mbili Kyungu akaingia darasani, sebuleni kwangu,
amevaa viatu, vyake asubuhi, vyake mchana.
Aliketi karibu na mlango. Akaomba makala.
Akachora duara, akapanga punje nane,
akahesabu, akahesabu tena.
"Imejaa, mwalimu," akasema. "Mbona haijatulia?"

Nikamshika mkono wenye masizi
nikauongoza hadi juu, upande wa kulia wa duara,
pale ambapo kila mwaka wanafunzi wangu husahau,
tukaandika pamoja
ile alama ndogo ya kutoa.