Glavu Namba Nane

Sanduku limeandikwa nane. Stoo nzima ni nane.
Mkono wangu ni sita na nusu.
Kwenye ncha ya kila kidole kunabaki kifuko cha hewa,
nami naingia ndani ya mwili wa mtu
nikipapasa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Ubaoni, wodi ya uzazi, hapa Lubumbashi,
tumeandikwa kumi na mmoja tunaosomea ubingwa.
Mwanamke, mmoja.
Profesa Kaumba husema, "Mabwana, tuanze,"
kisha huniona, hukohoa, huongeza, "na mama,"
kama mpishi anayekumbuka chumvi watu wakiwa wameshanawa.
Sijazaa. Nina miaka thelathini na mmoja.
Mama.

Chumba cha zamu kina vitanda viwili na vyote vina wenyewe.
Mimi hulala juu ya machela, kando ya friji ya damu.
Umeme ukikatika huwa najua kwa masikio:
friji inanyamaza,
na kwa mbali treni ya madini inaendelea kujikokota
kuelekea Likasi, haina habari na mtu.

Jumanne usiku walimleta Musau kutoka Katuba,
watatu juu ya pikipiki moja, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.
Nilimpima. Nikamlaza ubavu. Nikamwambia jina langu.
Kwa saa sita alinishika kidole gumba
kana kwamba ndicho kamba ya kisima.
Mama mkwe wake akaniuliza kwa upole sana,
"Mwanangu, munganga atafika saa ngapi?"
Nikamjibu kwamba amekwisha kufika.
Akachungulia nyuma yangu, mlangoni.

Ningecheka. Lakini saa tisa nilimkuta Kapend koridoni,
Kapend wa mwaka wa pili, mwenye vidole vya mfumaji,
ametolewa kitanda cha tano kwa neno moja:
"Mwanaume asinikaribie."
Alisimama na glavu zake, zimemkaa barabara,
hajui azivue au asubiri.
Yule mama alikuwa na sababu zake.
Hazikuwa za kuulizwa, si usiku ule,
si na sisi.

Tulibadilishana vitanda bila kusema kitu.
Yeye akaenda kwa Musau,
na mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti.
Mimi nikakata mpira wa glavu kuukuu,
nikajifunga kwenye vifundo vya mikono ili nane isiteleze,
nikapiga magoti chini ya kitanda cha tano,
maana alikuwa amegoma kupanda juu.
Hapo, sakafuni, akaniacha nimguse.

Kulipopambazuka tulikuwa na watoto wawili.
Wa Musau amepewa jina la Kapend.
Kidole changu gumba kilikuwa bado kimevimba.
Kapend alitumiwa bukari wa shukrani, umefunikwa kwa sahani;
akaukata katikati, akanisogezea upande wenye sombe nyingi.
"Mimi nilidaka tu," alisema.
Sikumbishia. Nilikula.

Siku hiyohiyo nikaenda stoo na karatasi.
Mzee Sendwe akaisoma, akaipindua, akaisoma tena.
"Sita na nusu? Nani ana mikono kama hiyo?"
Nikaiweka yote miwili juu ya meza yake.
Akaitazama kama anayepimiwa unga sokoni.
Karatasi ilirudi mara tatu. Mara moja
walituletea namba tisa.

Sasa ni Oktoba, miembe ya uani imeota majani mekundu.
Wamekuja wapya wanne: Ngalula, Kyabu, Mwenze,
na kijana mmoja mrefu anayezimia akiona kondo la nyuma.
Profesa bado anakohoa, ila sasa anakohoa mapema zaidi.
Machela ina zamu yake, tunagombania.
Na kile kisanduku kidogo, kilichofika Jumatatu,
Jumatano kilikuwa kitupu.

Sendwe amekuja mwenyewe hadi mlangoni mwa leba,
daftari kwapani, miwani juu ya paji la uso:
"Nani anazimaliza hizi ndogo?"

Tukainua mikono.